Kicheko Barazani, Ndita Nyumbani



Ndugu zangu katika imani, darsa ya leo ni ndefu na ina maneno makali kidogo. Imewalenga wanaume wenye familia, na wa kwanza kulengwa ni huyu anayeandika. Kina mama mnakaribishwa kusoma, ila nawaomba jambo moja: usimtumie mumeo posti hii saa hii ukamwandikia "soma, inakuhusu." Mwache ale kwanza.

Wiki chache baada ya Idi iliyopita alinijia mzee mmoja baada ya swala ya Isha. Simtaji, na mambo madogo nimeyabadilisha ili asijulikane. Ni mtu wa safu ya kwanza, mtu wa watu. Msiba ukitokea mtaani yeye ndiye wa mwanzo kufika. Barazani akiongea, watu wanashika mbavu. Alisubiri msikiti upungue, akasogea karibu yangu, akasema:

"Sheikh, niombee dua. Watoto wangu hawaji nyumbani sikukuu."

Nikamwuliza kama wamemtupa. Akasema hapana, hela wanatuma. Idi hii wametuma wote wanne, tena mapema, na kila mmoja amempigia simu ya dakika mbili. Kuja ndiyo hawaji. Mama yao alipokuwa hai walikuwa wanakuja. Wanamsalimia yeye sebuleni, wanampa mkono, kisha wote wanapotelea jikoni kwa mama yao, na yeye anabaki kwenye kochi akisikia vicheko vinatoka huko. Mama alipofariki, vicheko vikaondoka naye.

Nikamwuliza, "Mzee wangu, walipokuwa wadogo, siku ya Idi wewe ulikuwa wapi?"

Akafikiri muda mrefu. "Nikishaswali nilikuwa nazunguka kwa watu. Nyumbani narudi usiku." Kisha akaongeza haraka haraka, kama mtu aliye mbele ya kadhi: "Lakini nguo niliwanunulia, Sheikh. Kila mwaka."

Nilimwombea dua. Lakini maneno yake nilirudi nayo nyumbani, nikala nayo, nikalala nayo. Nguo niliwanunulia. Ndugu yangu unayesoma, wangapi kati yetu tutakuja kusema maneno hayo hayo uzeeni, tukiwa tumekaa peke yetu kwenye kochi?

Basi nasema, na ushahidi naleta: furaha ya nyumbani ni sehemu ya dini. Mwanamume anayepeleka kicheko chake chote barazani na kurudisha ndita nyumbani ana upungufu katika dini yake, hata kama hajakosa takbira ya kwanza kwa miaka 20. Mtume wetu (s.a.w.) alishatupa kipimo, na Imamu Tirmidhi ameipokea hadithi hiyo: mbora wetu ni yule aliye mbora kwa watu wa nyumbani kwake, na yeye Mtume ndiye mbora wetu kwa watu wa nyumbani kwake. Hakutaja barazani. Hakutaja kwenye magrupu. Ametaja pale ambapo hakuna anayekupigia makofi.

TUINGIE KATIKA NYUMBA YA MTUME SIKU YA IDI

Hadithi hizi mbili zimo katika Bukhari na Muslim, na msimulizi ni Bi Aisha (r.a.) mwenyewe.

Ya kwanza. Ni siku ya Idi. Wasichana wawili wa Kianswari wako chumbani kwa Bi Aisha wanaimba nyimbo za vita vya Bu'ath. Mtume (s.a.w.) amejilaza, amegeuza uso. Anaingia Abu Bakr (r.a.), anashtuka, anamkemea binti yake: vipi mambo kama haya ndani ya nyumba ya Mtume? Hapo ndipo Mtume anapoingilia kati na kumwambia Abu Bakr awaache, kwa sababu kila watu wana sikukuu yao, na hii ndiyo sikukuu yetu.

Tafakari vizuri. Aliyekemea ni Abu Bakr, na katika umma huu baada ya Mtume hakuna aliye juu yake. Ghera yake ni ya kweli na nia yake ni safi. Lakini bado Mtume alimzuia asiizime furaha ya wasichana wale siku ya Idi. Sasa mimi na wewe ni nani, ambao ghera yetu mara nyingi ni uchovu tu na hasira za kazini?

Ya pili. Ni siku ya Idi vilevile. Wahabeshi wanacheza na mikuki na ngao msikitini. Mtume (s.a.w.) anamwuliza mkewe kama anapenda kutazama. Anasema ndiyo. Basi anamsimamisha nyuma yake, shavu lake juu ya shavu lake, na wanatazama. Wanaendelea kutazama mpaka Bi Aisha anachoka. Mtume anamwuliza kama imetosha, naye anapojibu ndiyo, anamwambia aende.

Simama hapo kidogo. Huyu ni kiongozi wa umma, mtu anayeshushiwa wahyi. Unadhani siku ile hakuwa na watu wanaomhitaji? Na bado alisimama pale kama nguzo ili mke wake aegemee na atazame mchezo. Hakumwambia afanye haraka, nje kuna wageni. Alisubiri mpaka aliyechoka awe ni mke.

Mara ya mwisho wewe na mkeo kutazama kitu kimoja mpaka akachoka yeye ilikuwa lini? Jibu moyoni, usiandike kwenye komenti.

SASA TUINGIE KATIKA NYUMBA YAKO

Tuanze na usiku wa mwandamo, maana huko ndiko Idi yetu inakoanza kuharibika. Jua limezama. Baba ameshika simu. Kwenye grupu hili wanasema mwezi umeonekana, kwenye grupu lile wanasema haujaonekana. Huyu anafuata mwezi wa kimataifa, yule anafuata wa nchi yake. Baba anaandika, anajibu, anakasirika, anarekodi sauti ya dakika tano kumjibu mtu ambaye hajawahi kumwona maishani. Saa nne usiku mkewe anasimama mlangoni anauliza kwa adabu, "Baba fulani, kesho ni Idi au ni funga? Niloweke mchele wa pilau au niandae daku?" Anajibiwa kwa ukali, "Subiri! Huoni nafanya nini?"

Mimi leo sizungumzii mwezi upi ni sahihi. Nazungumzia adabu ya huyu mtu. Umempa mgeni wa kwenye simu dakika 40 za dalili na subira, na mama watoto wako umempa neno moja la hasira. Hiyo Idi umeshaipasua kabla haijafika.

Kisha asubuhi. Mama ameamka saa tisa usiku. Amechambua, amekuna nazi, ameponda vitunguu saumu, amepiga pasi kanzu tano, ameogesha watoto watatu. Moshi wa mkaa uko machoni. Baba anatoka chumbani ananukia udi, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono aliyoifua na kuitia wanga huyo huyo mama. Anaondoka na wanawe wa kiume kwenda kuswali. Mama haendi, maana nyama iko jikoni.

Ummu Atiyya (r.a.) anatueleza, na imo katika Bukhari na Muslim, kwamba Mtume aliwaamrisha wawatoe wanawake wote kwenye Idi: wasichana, wanaokaa ndani, hata walio hedhini, ingawa hao hujitenga na sehemu ya kuswalia, ili wahudhurie kheri na dua za Waislamu. Akaulizwa, na asiye na jilbabu je? Akasema mwenzake amwazime. Yaani hata udhuru wa nguo haukupokelewa. Sisi tumeleta udhuru wa pilau na ukapokelewa kila mwaka!

Baada ya swala, baba anarudi na wageni wanane ambao hakuwataja. Wanakula, wanasifu chakula, wanamsifu baba. Kisha wanaondoka kuzunguka. Mama anabaki na masufuria. Jioni anavaa nguo yake mpya ya Idi, lakini hakuna wa kumwona, maana watoto wamelala na mume yuko kwenye dhumna. Na ndiyo maana wanawake wengi, ukiwauliza kwa siri, watakwambia siku wanayoichukia katika mwaka ni siku ya Idi. Sikukuu aliyotuwekea Mwenyezi Mungu, tumeigeuza kuwa siku ya adhabu kwa nusu ya umma. Tutamjibu nini?

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Nikisema haya msikitini, hoja huja zilezile nne. Nizijibu moja moja.

Hoja ya kwanza: "Sheikh, dini ni jambo zito. Mwenyezi Mungu hawapendi wanaofurahi." Huyu anakusudia Suratul-Qasas, aya ya 76. Ndugu yangu, isome kisa kizima. Maneno yale aliambiwa Qaruni na watu wake, na Qaruni alikuwa akijivuna kwa hazina zake na kuwadharau wenzake. Ile ni furaha ya kiburi. Sasa fungua Suratu Yunus, aya ya 58, uone Mwenyezi Mungu anavyowaamrisha waja wafurahi kwa fadhila zake na rehema zake, na kwamba hilo ni bora kuliko wanavyovikusanya. Furaha ya Qaruni imekatazwa, na furaha ya kushukuru neema imeamrishwa. Mwanao anapokurukia mgongoni asubuhi ya Idi, hiyo ni hazina ya Qaruni au ni rehema ya Mola wako?

Na Handhala (r.a.) alipomwendea Mtume akilia kwamba amekuwa mnafiki, kwa sababu akiwa kwa Mtume anaikumbuka Akhera kama anaiona, na akirudi kwa mke na watoto anasahau mengi, Mtume hakumwambia awakimbie mke na watoto. Alimfahamisha kwamba kuna saa ya hili na saa ya lile. Hadithi hii imo katika Sahihi Muslim. Saa ya nyumbani ni saa halali, ina haki yake, nawe utaulizwa umeitumiaje.

Hoja ya pili: "Nimewalisha, nimewavisha, ada nimelipa. Wanataka nini tena?" Hii ndiyo hoja ya yule mzee. Matumizi ya nyumbani ni wajibu wako, na ukiyatoa kwa nia njema unalipwa. Lakini katika Suratun-Nisaa, aya ya 19, Mwenyezi Mungu anawaamrisha wanaume kuishi na wake zao kwa wema. Kuishi nao, ndugu yangu. Ng'ombe naye analishwa. Mfungwa naye anavishwa.

Al-Aqra' bin Habis alimwona Mtume (s.a.w.) akimbusu mjukuu wake Hasan. Akasema kwa kujisifu kwamba yeye ana watoto kumi na hajawahi kumbusu hata mmoja. Mtume alimtazama, akamwambia kwamba asiyehurumia hatahurumiwa. Huenda wale kumi walishiba na kuvaa vizuri. Mtume hakumwuliza habari ya chakula chao.

Hoja ya tatu: "Mwanamume akicheka cheka na mkewe na kushika ufagio anadharaulika." Anadharaulika kwa nani? Bi Aisha aliulizwa Mtume alikuwa akifanya nini akiwa nyumbani. Akasema alikuwa katika kuwatumikia watu wake, na swala ikifika anatoka kwenda kuswali. Imo katika Bukhari. Alikuwa akishona nguo yake na kutengeneza viatu vyake kwa mkono wake. Alishindana mbio na Bi Aisha wakiwa safarini, mke akamshinda. Miaka ikapita, Bi Aisha akaongezeka mwili, wakashindana tena, safari hii Mtume akashinda, akamtania kwamba hii ni ya kulipa ile. Hebu fikiri, miaka yote ile alikuwa anaikumbuka mbio aliyoshindwa na mkewe! Huo ndio urafiki. Wanandoa marafiki wana utani wao ambao wageni hawaujui.

Na siku moja aliswalisha watu akarefusha sijda mpaka maswahaba wakadhani kuna jambo limetokea. Alipomaliza akawaeleza kwamba mjukuu wake alikuwa amempanda mgongoni, naye hakupenda kumharakisha mpaka atosheke. Ameipokea Nasai. Msikiti mzima ulingojea mchezo wa mtoto mmoja. Wewe heshima yako inavunjika kwa kubebesha mtoto sebuleni?

Ndugu yangu, ukiingia nyumbani na watoto wakanyamaza ghafla, wakatawanyika kila mmoja chumbani kwake, usijipongeze kwamba wana adabu. Hofu na adabu zinafanana kwa mbali. Zikisogelewa si kitu kimoja.

Hoja ya nne, na hii wanaileta watu wema: "Sheikh, ukiongea habari za furaha unafungua mlango wa maasi." Nawaheshimu wenye hofu hii. Mipaka ipo, na hakuna Idi inayohalalisha kilichoharamishwa. Israfu ni haramu siku ya Idi kama ilivyo haramu Jumanne. Lakini hebu tuulizane kwa uwazi. Watoto wetu wanaomiminika kwenye disko toto mchana wa Idi, na vijana wetu wanaokesha ufukweni Idi pili, nani aliwapeleka huko? Nenda Mnazi Mmoja kule Unguja, nenda Coco Beach Dar es Salaam, nenda Makadara Mombasa siku za sikukuu, uone bahari ya watoto wa Kiislamu. Wengi wanakula askrimu na kupanda bembea, na hilo halina ubaya. Lakini angalia ni wangapi wamefuatana na baba zao.

Mtoto ameumbwa anataka kufurahi. Kama nyumbani kwenu furaha ya halali haipatikani, ataitafuta anakoijua. Tunakemea disko kwenye mimbari, na nyumba zetu tumezifanya kama chumba cha kusubiria daktari. Mlango wa maasi ulishafunguliwa siku nyingi, ndugu zangu, na wengi wetu tuliufungua kwa kuufunga mlango wa nyumbani.

URAFIKI WA NYUMBANI

Mwenyezi Mungu anatueleza katika Suratur-Rum, aya ya 21, kwamba katika ishara zake ni kutuumbia wenza kutokana na nafsi zetu ili tupate utulivu kwao, na kwamba ameweka kati yetu mapenzi na huruma. Sisi aya hii tunaisoma kwenye harusi, wakati wali bado uko jikoni. Ikiisha harusi hatuisomi tena.

Tazama urafiki wa Mtume na Bi Khadija (r.a.). Bi Khadija amekwishafariki, miaka imepita. Bado Mtume akichinja mbuzi anakatakata vipande na kuvipeleka kwa marafiki wa Khadija, mpaka Bi Aisha akaona wivu kwa mwanamke ambaye hajawahi kumkuta. Imo katika Bukhari na Muslim. Aliwajua marafiki wa mkewe. Aliwakumbuka hata baada ya mkewe kuondoka duniani.

Je, wewe unawajua marafiki wa mke wako? Taja wawili. Unajua ni nani aliyemkopesha hela mwezi uliokuwa mgumu, na ni nani anayempigia akiumwa? Idi ijayo ya kuchinja, ukigawa nyama, kabla ya kumpelekea mkubwa wako wa kazi, peleka fungu kwa rafiki wa mkeo. Kisha angalia uso wa mkeo usiku ule.

Wewe uliye mbali nawe una sehemu yako. Uko Muscat, uko Doha, uko London, Idi imekukuta kazini. Wengi wenu ni kina mama mnaolea watoto wa watu huku wenu wamelelewa na bibi. Mwenyezi Mungu anaziona usiku zenu. Usitume hela tu ukanyamaza. Piga simu ya picha asubuhi, useme takbira pamoja na watoto, uulize kila mmoja amevaa nini, umwache aonyeshe viatu mpaka amalize. Mtume aliwahi kumfariji mtoto mdogo, Abu Umayr, kwa sababu ya ndege wake aliyekufa. Ndege! Na hakuona kuwa ni jambo dogo. Kwa mtoto, viatu vipya ni jambo kubwa.

Nanyi kina mama, neno moja kwa upendo. Wapo wanaume waliojaribu kuingia jikoni siku ya Idi wakafukuzwa: "Toka, utaniharibia pilau." Akikata vitunguu vibaya, mwache. Pilau litaliwa. Na ukishamwita mumeo jiwe mbele ya watoto kwa miaka kumi, usishangae watoto wakimwona jiwe.

NA MIMI

Niliahidi kwamba wa kwanza kulengwa ni mimi. Basi sikilizeni.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kutoa mawaidha usiku wa Idi pili. Mada niliyopewa ilikuwa furaha katika Uislamu. Binti yangu alikuwa na miaka sita. Nilikuwa nimemwahidi kwamba jioni ile nitampeleka kwenye bembea. Nikamwambia, "Baba ana kazi ya dini, akirudi tutakwenda." Nilikwenda, nikaongea vizuri, watu wakacheka, wakanisindikiza mpaka kwenye gari. Nilirudi karibu saa sita usiku. Nikamkuta amelala kwenye kiti karibu na mlango, gauni la Idi mwilini, viatu miguuni, kapochi kake kenye hela za mkono wa Idi kamemning'inia begani. Mama yake hakugomba. Aliniambia maneno mawili tu:

"Alisema utarudi."

Hadithi zote nilizowaandikia leo nilizijua usiku ule. Nilikuwa nimetoka kuzisoma mbele ya watu. Ndiyo maana nasema kujua hakutoshi, na ndiyo maana siwezi kumhukumu yule mzee. Tofauti yangu na yeye ni kwamba mimi nilikutwa mapema.

KAZI YA NYUMBANI

Usisubiri Idi. Anza Ijumaa hii, ambayo nayo ni sikukuu yetu ya kila wiki.

1. Kula chakula kimoja na familia yako kwenye sinia moja, simu zikiwa chumba kingine. Chakula ukikipenda kisifu, usipokipenda nyamaza. Mtume (s.a.w.) hakuwahi kukitia ila chakula. Akikipenda anakula, asipokipenda anaacha.

2. Chukua kazi moja ya jikoni iwe yako, na usingoje kuombwa. Kukuna nazi, kuosha masinia, chagua wewe.

3. Kabla hujaalika wageni, mwulize mwenye jiko.

4. Idi ikifika, wote mwende kuswali. Nyama ipikwe usiku au ingoje. Kuleni tende pamoja kabla ya kutoka siku ya Idil-Fitri, ndivyo alivyofanya Mtume. Mwende kwa njia moja, mrudi kwa nyingine, na takbira njiani muwaachie watoto waanzishe.

5. Saa za baada ya Adhuhuri mpaka Alasiri ziwe za nyumbani. Baraza litangoja. Limekungoja miaka yote.

6. Na kama wanao wameshakuwa wakubwa na hawaji, usiwapigie kuwalaumu. Funga safari, uwaendee wewe. Fika, keti chini na wajukuu, waachie wakupande mgongoni.

Hilo la sita ndilo nililomshauri yule mzee. Alinyamaza, akatazama mikono yake, akaniuliza, "Sheikh, nikifika nitaongea nao nini?"

Nikamwambia, "Usiongee, Mzee wangu. Waulize, kisha usikilize." Ameniahidi atakwenda kwa yule wa mwisho kwanza. Mwombeeni.

Ewe Mola wetu, zijaalie nyumba zetu ziwe mahali ambapo watu wake wanapakimbilia, usizijaalie kuwa mahali wanapopakimbia. Tusamehe kwa kila mtoto aliyelala akitungoja. Na utukutanishe na tunaowapenda katika nyumba isiyo na kuagana. Amin.

Kama kuna kosa humu ni langu, nikosoeni kwa adabu. Kama kuna kheri imetoka kwa Mwenyezi Mungu. Sambaza ukipenda, lakini kabla ya kusambaza, weka simu chini, nenda ukakae nao dakika kumi.

Wabillahi tawfiq.